YAH: Laini ya nyumbani haifungui menyu ughaibuni, na simu ipi ya kupeleka Tanzania

Kutoka: Mwanajumuiya, Columbus

Wanajumuiya, habari za majukumu.

Naomba msaada kwa mambo matatu kabla ya safari za Desemba kuanza. La kwanza, laini ya Tanzania ikiwa kwenye roaming (kutumia mtandao wa nchi nyingine) hapa Marekani inapokea ujumbe mfupi, hata namba za uthibitisho za benki zinaingia, lakini menyu ya pesa haifunguki na kupiga haiwezekani. Kwa nini kimoja kikubali na kingine kigome? La pili, simu gani ukinunua huku itashika mtandao vizuri kule, hasa vijijini? La tatu, laini zilizosajiliwa Tanzania zimeshapita milioni 80. Kuna wenzetu wanafikiria kuweka mtaji kwenye biashara ya simu na vifaa vyake. Hesabu hiyo isomwe vipi?

Natanguliza shukrani.

----------

Kutoka: Mhandisi wa mitandao, Leicester

Ndugu yangu wa Columbus, nijibu la kwanza.

4G, mtandao wa simu wa kizazi cha nne, ilijengwa kwa ajili ya data tu (2G na 3G ni vizazi vilivyotangulia). Sauti iliongezwa baadaye kwa mfumo wa VoLTE, ambao unasafirisha mazungumzo kama data. Simu isiyo na VoLTE kwenye mtandao iliopo, ukipiga, hushuka kwanza kwenye 3G au 2G, ikimaliza mazungumzo inapanda tena. Menyu za nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money, zinashuka kwa ngazi hiyohiyo. Ujumbe mfupi una kichochoro chake: mtandao wa 4G unaweza kuufikisha kwenye simu bila simu kushuka popote.

Sasa huko Marekani ngazi imeondolewa. AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G mwezi Februari 2022. T-Mobile ikazima 3G Julai mwaka huohuo, na Verizon ikafunga ya kwake mwisho wa 2022. Imebaki VoLTE karibu peke yake, na ili laini ya Tanzania itumie VoLTE ya Marekani ni lazima kampuni mbili hizo ziwe zimekubaliana roaming ya VoLTE yenyewe. Makubaliano ya data na ujumbe hayatoshi. Yasipokuwepo, dalili ni hizo ulizotaja. Laini si mbovu, na kuipeleka kwa wakala hakutabadilisha kitu.

Cha kufanya, kwa mpangilio huu. Ukiwa bado Tanzania, washa roaming na uhakikishe kuna salio. Weka programu ya pesa ya kampuni yako kwenye simu ile utakayosafiri nayo, ijisajili laini ikiwa ndani, ingia kwa namba ya siri na ufanye muamala mmoja mdogo. Programu ikishaitambua simu, muamala unapita kwenye intaneti ya kawaida, na ule ujumbe wa uthibitisho ukihitajika utaingia hata pale menyu inapogoma. Kosa linalowaangusha wengi ni kubadilisha simu wakiwa ughaibuni: programu inaanza usajili upya, na zipo zinazotaka kwanza ujumbe utoke kwenye laini, au data ya laini yenyewe.

Ukifika, zima data ya roaming kwenye laini ya nyumbani. Kupokea ujumbe mfupi kwa kawaida hakukatwi salio, ila kupokea simu hukatwa, tena sana. Kisha nenda kwenye mipangilio ya mtandao, ondoa uchaguzi wa moja kwa moja, ujaribu kila mtandao unaoonekana. Laini moja inaweza kugoma kwenye mtandao wa kwanza na kufunguka kwenye wa pili.

Huku Uingereza tuna nafuu. 3G imeondoka au inaondoka, lakini 2G bado ipo, na kampuni zimekubaliana na serikali kuizima ifikapo 2033. Kwa simu ya Android, chagua EE au Vodafone kwa mkono, weka aina ya mtandao kuwa 2G, piga menyu, ukimaliza urudishe 4G. Usichague Three kwa kazi hii, haijawahi kuwa na 2G.

----------

Kutoka: Mchambuzi wa soko, Toronto

Asante mhandisi. Niingie kwenye swali la tatu, maana hapo ndipo mtaji wa watu unapopotea.

Mwaka 1994 Mobitel ilianza na wateja wachache, simu ya mkononi ikiwa kitu cha wakubwa. Vodacom iliingia Agosti 2000, Celtel 2001. Mwaka 2000 laini za mkononi zilikuwa kama elfu 110, pungufu ya simu za mezani. Mwaka 2010 zilikuwa karibu milioni 21, 2020 zikapita milioni 51, na mwisho wa 2024 zilikuwa zaidi ya milioni 86. Lakini hizo ni laini, ndugu zangu, si vichwa vya watu. Mtu mmoja ana mbili, mwingine tatu, na siku hizi mashine za malipo na vifaa vya kufuatilia magari navyo vina laini zake, ambazo TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, huzitenga kwenye takwimu.

Ulimbikizaji wa laini ulianzia kwenye bei. Kampuni ikimpokelea mteja wa kampuni nyingine simu, inalipwa kwa kila dakika. Hadi mwanzoni mwa 2013 malipo hayo yalikuwa shilingi 112 kwa dakika. Kumpigia mtu wa mtandao mwingine kulikuwa ghali, hivyo kila mtu akanunua laini ya kila mtandao ambako ana ndugu, na simu za laini mbili zikawa ndizo zinazouzika. Machi 2013 TCRA ilishusha hadi chini ya shilingi 35, Januari 2018 ikawa 15.60, na ilipofika 2022 ikawa shilingi 2. Ndipo vikaja vifurushi vya mitandao yote. Mazoea ya laini mbili hayakufa lakini, kwa sababu wakati huo laini imeshakuwa benki.

Hili la benki ndilo lililolikuza soko kuliko sauti. M-Pesa ilianza Tanzania Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Mwaka 2014 kampuni zilianza kukubaliana pesa ivuke kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, moja kwa moja kutoka mkoba (akaunti ya pesa kwenye laini) hadi mkoba, na Vodacom ikaingia 2016. Tangu hapo unayemtumia hana haja ya kuwa na mtandao wako. Kwa mteja ni raha. Kwa wakala maana yake ni kwamba kibanda kinachohudumia mtandao mmoja tu kinakosa wateja, na mtaji ugawanywe kwenye salio la kila kampuni pamoja na fedha taslimu. Wakala akiishiwa taslimu saa kumi jioni siku ya gulio, hana biashara, hata awe na mamilioni kwenye mkoba. Anayetaka kumfungulia ndugu kibanda aanze na swali la taslimu itatoka wapi na nani ataisafirisha, kisha ndio aulize kodi ya fremu.

Kwa wauzaji wa simu, acheni jumla ya nchi. TCRA hutoa takwimu kila robo mwaka, bure, na ndani yake laini zimegawanywa kwa mikoa na kwa kampuni. Dar es Salaam imejaa. Angalieni mikoa ambako minara mipya inasimama. Mwaka 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya minara 758 vijijini. Mnara unapowaka kijijini, kinachotakiwa kwanza ni vitochi (simu ndogo za vibonye), chaja za sola, betri na kava. Simu janja inafuata baadaye, mara nyingi kwa malipo ya kidogokidogo.

Nisahihishe na majina, maana orodha za bei zinachanganya: Tigo imekuwa Yas tangu Novemba 2024, na Tigo Pesa sasa ni Mixx by Yas. Menyu imebaki *150*01#.

----------

Kutoka: Fundi simu, Houston

Salamu wakubwa. Swali la simu ni langu.

Jambo la kwanza ni masafa. Kule 2G na 3G ziko kwenye megahezi 900 (bendi 8), 1800 na 2100. 4G iko kwenye 1800, yaani bendi 3, na kwenye masafa ya chini: 800 ambayo ni bendi 20, na 700 ambayo ni bendi 28. Masafa ya chini husafiri mbali na hupenya ukuta, ndiyo yanayobeba vijiji. Simu za bei nafuu za Marekani zinatengenezwa kwa bendi 2, 4, 12, 13, 66 na 71, na nyingi hazina 20 wala 28. Matokeo yake simu inakimbia vizuri Kariakoo, ikifika Sumbawanga vijijini inahangaika, na watu wanasema mtandao mbaya. Kabla ya kulipa, chukua namba kamili ya modeli iliyo kwenye boksi, tafuta sifa zake, uhakikishe 3, 8, 20 na 28 zote zimo. Jina la simu pekee halitoshi, jina moja lina matoleo matatu au manne. iPhone kuanzia 12 zina bendi hizo zote.

Jambo la pili, na hili linazidi kuwaumiza watu: iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia 14 hazina tundu la laini ya plastiki. Ni eSIM tu, yaani laini ya kielektroniki iliyo ndani ya simu yenyewe. Kuanzia iPhone 17 ndivyo ilivyo pia kwa zinazouzwa Kanada, Omani, Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain, kwa hiyo wenzetu wa Muscat na Dubai nao waangalie. Kampuni kubwa za Tanzania zinatoa eSIM, ila mwenye laini aende mwenyewe kwenye duka la kampuni akiwa na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na vidole vyake. Mzazi aliye kilomita 90 kutoka duka la karibu usimpelekee simu hiyo. Mnunulie yenye tundu, iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya.

Tatu, kufuli la kampuni. Kwenye iPhone ingia Settings, General, About, tafuta mstari wa Carrier Lock. Usipoona maneno No SIM restrictions, usiibebe. Simu ya mkopo haifunguliwi hadi deni liishe, na wale wa mtaani Dar wanaosema wanaifungua huweka kitu kinachovunjika siku programu ikisasishwa.

Nne, piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15. Mwezi Juni 2016 Tanzania ilizima simu bandia kwa IMEI, na ukaguzi upo hadi leo: tuma IMEI kwenda 15090 ukiwa na laini ya Tanzania, utajibiwa aina ya simu. Jibu likitofautiana na simu uliyoshika, irudishe.

Kitochi kisinunuliwe huku hata kidogo. Vya Marekani vya zamani vilitumia 850 na 1900, kule ni chuma tu. Cha Tanzania kinashika 2G, menyu ya pesa inafunguka, chaji inakaa siku kadhaa. Kwa bibi na babu sijaona kinachokishinda.

Betri za akiba na pawabenki ziende kwenye begi la mkononi. Chaja isomeke 100–240V, na plagi kule ni ya pini tatu bapa, kama ya Uingereza.

----------

Kutoka: Mwanajumuiya, Columbus

Nimepata mwanga mkubwa, ahsanteni. Moja dogo: laini ikipotea nikiwa huku, ndugu anaweza kunirudishia?

----------

Kutoka: Dada wa usajili, Reading

Kaka, hawezi. Tangu Mei 2019 usajili ni kwa alama za vidole na namba ya NIDA yenye tarakimu 20, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Kurudisha laini iliyopotea kunataka vidole vilevile. Akikuambia mtu anaweza kukusaidia bila wewe kuwepo, huyo ndiye wa kuogopa, kwa sababu anayeweza kukurudishia wewe anaweza kuirudisha kwake, na mkoba unaondoka na laini.

Kwa hiyo ilinde. Weka PIN ya laini yenyewe, mbali na ile ya kufungulia simu. Ukikosea mara 3 inajifunga, utahitaji PUK, namba ya kuifungulia, ya tarakimu 8, iliyo kwenye kile kikadi cha plastiki ulichovunjia laini. Kipige picha. PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa.

Isikae kimya pia. Namba isiyotumika hurudishwa sokoni ikauzwa kwa mtu mwingine, na siku za kusubiri zinategemea kampuni, waulize kabla ya kuondoka. Kila mwezi fanya kitu kimoja kinachokata salio: ujumbe mmoja, au muamala wa shilingi elfu. Kuwa na salio tu, au kupokea ujumbe tu, usikuchukulie kuwa matumizi.

Ukienda nyumbani piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Usiyoitambua, ifutishe palepale. Na ile ya mama, isajiliwe kwa jina la mama. Wengi wetu tulisajili laini za wazazi kwa vitambulisho vyetu ili kuokoa muda. Sasa laini hiyo ikipotea ni wewe unayetakiwa kufika na vidole kutoka huko Columbus, na mama anakaa bila pesa zake.

Mwelekezeni pia kwamba ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haujibiwi. Namba iliyoutuma ipelekwe 15040. Utaratibu mzuri wa familia ni kukubaliana namba moja tu ya kupokelea, na ikibadilika mtu apige kwa sauti yake mwenyewe, hata kama ni usiku.