Pinpoint au Trajectory Explorer kupangia njia ya probu? Namba hazilingani

mgeni_wa_nyuroni:
Wakuu habari zenu. Naanza kurekodi kwa Neuropixels (probu nyembamba za kurekodi umeme wa nyuroni) kwenye panya na nataka njia ya probu niwe nimeipanga kabla ya siku ya upasuaji. Moja ni ya 1.0, nataka ipite koteksi, ishuke hipokampasi iishie thalamasi. Ya pili ni 2.0 yenye vijiti 4, inaingia upande huohuo ila mbele kidogo. Nimejaribu Pinpoint, ile inayofunguka kwenye brauza, mwenzangu maabara naye anasema niachane nayo nitumie Neuropixels Trajectory Explorer ya MATLAB. Kinachonichanganya hata humo ndani ya Pinpoint nikitoka CCF (atlasi ya ubongo wa panya ya Allen) nikaweka Qiu2018 (atlasi nyingine) namba za sehemu ileile zinahama, tena sio kidogo. Niamini ipi sasa?

sindano:
Programu zote mbili ziko poa, chagua unayoizoea. Shida iko kwenye CCF yenyewe. Allen walichukua wastani wa bongo za panya 1,675, kwa majina na mipaka ya maeneo hakuna inayoishinda, ila zile bongo zilipigwa picha zikiwa zimeshatolewa kwenye fuvu, kwa hiyo bregma (alama ya kwenye fuvu inayotumika kama sifuri ya vipimo) humo haimo kabisa, unayoiona kwenye skrini ni makadirio ya watu. Halafu ubongo wa CCF umelala kama digrii 5 ukilinganisha na kichwa ulichokisawazisha kwa bregma na lambda (alama nyingine ya fuvu, nyuma yake), na umevutika juu-chini kuliko wa panya aliye hai. Digrii 5 usizidharau, ukishuka milimita 4 tayari ncha imehama kama 0.35 mm mbele au nyuma, na kwa panya hiyo inatosha kukutoa eneo moja kukupeleka jingine. Qiu2018 imetokana na MRI ndo maana namba zinahama. Mimi napanga kwa hiyo, CCF nabaki nayo kwa majina tu.

Angalia na alama pia!! kwenye CCF namba za mbele-nyuma zinaanzia puani kwenda nyuma, kwenye stereotaksia (vipimo vya mezani vya upasuaji) nyuma ya bregma ni hasi.

mgeni_wa_nyuroni:
Aisee asante, hiyo ya bregma hakuna aliyewahi kuniambia. Na pembe je? Nilikuwa nafikiria digrii 15.

kishikio:
15 ni sawa, ila hakikisha namba unayoenda nayo mezani ni ya pale probu inapoingia, sio ya ncha. Kwa digrii 15 ukiingiza milimita 4 ncha inakuwa imeenda pembeni zaidi ya 1 mm na chini imeshuka 3.86 tu, sasa mtu akichanganya hizo mbili anatoboa fuvu sehemu siyo kabisa. Kina nacho anza kuhesabu kwenye uso wa ubongo, usihesabu kutoka bregma.

Kuhusu kugongana, probu zenyewe ni nyembamba kama unywele, zinazogongana ni hedisteji (kisanduku cha elektroniki cha probu) na vishikio huko juu, kwa hiyo ukipanga weka na modeli ya manipuleta (mashine inayosogeza probu) uone. Hapo Pinpoint inakufaa zaidi, tena ukiwa na manipuleta za Sensapex au New Scale unaziunganisha kwa programu ya Ephys Link unaona probu ikitembea kwenye skrini.

Hiyo ya vijiti 4 amua mapema imeangalia wapi. Kutoka kijiti cha kwanza hadi cha mwisho ni 0.75 mm, ukiizungusha digrii 90 unarekodi maeneo tofauti kabisa. Na chaneli ni 384 tu kwa mara moja, ukizigawa sawa kila kijiti kinapata 96, yaani kama 0.72 mm ya urefu. 1.0 ukiwasha zote za chini unapata 3.84 mm, ila pale nchani kuna kama 0.2 mm haina saiti (vituo vya kurekodi), iongeze kwenye kina chako.

rangi_nyekundu:
Mmesahau DiI jamani, ile rangi inayong'aa ya kuonyesha njia probu ilikopita. Ipake nyuma ya kijiti kabla ya kuingiza, ukimaliza kata ubongo, ulinganishe na atlasi kwa programu kama brainreg au SHARP-Track. Mpango wa kwenye skrini ni makadirio tu hata ukiupanga vizuri vipi, vichwa vya panya havifanani. Na wakati wa kurekodi kodolea macho chaneli, pale chini ya koteksi spaiki (mapigo ya umeme ya nyuroni) zikipungua ghafla halafu zikarudi kwa nguvu ujue umepita korpasi kalosamu (tabaka la nyuzi za neva) umeingia CA1, sehemu ya hipokampasi. Hapo unajua kama kina chako kiko sawa kabla hata hujashika kisu.

mgeni_wa_nyuroni:
Poa, naupanga upya kwa Qiu2018 na vishikio vyote vikiwemo, nikikwama kwenye hiyo 2.0 narudi.