Mipira imeisha, matunda yameisha, nauli nayo imeisha: hii Pokémon GO sisi wa Dodoma tunaichezaje?

Wakuu salama? Kwa wasioijua, Pokémon GO ni mchezo wa simu: unatembea mtaani, viumbe wanakutokea kwenye skrini, unawakamata kwa kuwarushia mipira. Naandika nikiwa nimefura, kwa hiyo makosa ya herufi yasahihisheni kimya kimya. Na wale wa "mtu mzima unacheza katuni" nimeshawaona kwa mbali. Piteni tu, jukwaa la siasa liko wazi saa 24.

Leo jioni nimetokewa na Galarian Articuno. Wanaocheza wameshashika kichwa. Kwa wengine: ni ndege wa zambarau kama zabibu ya Makutupora iliyoiva, na kwa kawaida humkuti mtaani hivi hivi. Mpaka uwashe Daily Adventure Incense, ule ubani wa bure unaopewa mara moja kwa siku. Unawaka dakika 15 na lazima utembee. Mimi nakaa nje ya mji, upande wa Ihumwa. Nimetembea na huo ubani miezi na miezi, juani, kwenye vumbi, na upepo wa huku mnaujua. Siku zote naletewa takataka. Leo ndiyo kaja mwenyewe.

Sasa nifungue begi nione nina nini. Ultra Ball na Great Ball, ile mipira yenye nguvu zaidi, sifuri. Razz Berry, lile tunda unalomlisha kiumbe akamatike kirahisi, sifuri. Mipira myekundu ya kawaida ilikuwepo, maana huo ubani una kahuruma kidogo, ukiuwasha ukiwa umefilisika unaongezewa mipira. Ila ni ile myekundu. Na nilikuwa na Golden Razz Berry moja tu, lile tunda kali zaidi, niliyoipata kwenye raid (pambano la kumpiga kiumbe mkubwa) mjini zamani hizo, nimeitunza kama mbegu.

Nikamlisha. Nikarusha kwa kuuzungusha mpira, ukamwingia vizuri kabisa. Ukatikisika mara moja. Akachomoka, akayeyuka. Tunda limeliwa, ndege hayupo, nimebaki nimesimama pembeni ya barabara kama nimepigwa na radi, mwenye bajaji ananipigia honi nihame.

Najua kuna mjuaji anakuja, kwa hiyo nimwahi. Ndiyo, najua ndege yule uwezekano wake wa msingi wa kukamatika ni asilimia 0.3, na akichomoka kwenye mpira kuna asilimia 90 kwamba anatoroka. Najua Golden Razz inazidisha mara 2.5, Ultra Ball mara 2, na kurusha kwa kuzungusha mara 1.7. Zidisha zote upate 8.5. Ukiipiga na ile 0.3, hesabu ya vidole tu, haifiki hata 3 kwa 100. Kwa hiyo hata ningekuwa na Ultra Ball gunia zima, pengine angeondoka tu. SILALAMIKII NDEGE. Nalalamikia kwamba bahati ya miezi imenikuta mikono mitupu, na mikono ni mitupu kwa sababu ya ninapoishi.

Hivi vitu ni vya kutumika na kuisha. Mpira ukiurusha umekwenda, ukipata ukikosa. Tunda nalo ni la mtego mmoja. Ukikosea shabaha tunda linabaki, sawa, lakini akiingia akachomoka, limekwisha, mlishe lingine. Mtu wa kawaida anamaliza mipira kibao kwa viumbe vichache vya hovyo. Basi mipira inarudi kutoka wapi? PokéStop, yaani vituo vya mchezo vilivyowekwa kwenye sehemu halisi za mtaani, unafika unachukua vitu. Na PokéStop ziko wapi? Huu mchezo ulipoanza Julai 2016 vituo vilitokana na ramani ya mchezo uliotangulia, Ingress, ambao wachezaji wake ndio waliopendekeza sanamu, makanisa, michoro ya ukutani na kadhalika. Penye wachezaji wengi vikajaa, pasipo na wachezaji pakabaki jangwa. Mtu wa London anapata mipira akienda kununua mkate. Mimi napanda daladala.

Na ukishafika mjini si kwamba unachota. Unazungusha kituo, unapewa vitu vitatu vinne, humo kuna dawa za kutibu wanyama ambazo sina kazi nazo, mpira mmoja, na Nanab Berry. (Nanab Berry inamtuliza kiumbe asirukeruke. Kuna mtu anaitumia? Ajitokeze, namtumia zangu zote kama ingewezekana kutuma.) Halafu unasubiri dakika 5 ndipo ukizungushe tena. Jumamosi iliyopita nimesimama sehemu moja karibu saa nzima, simu mkononi, mpaka mlinzi wa geti moja akaja kuniuliza napiga picha nini. Huu ni mji wa serikali jamani, kila ukigeuka kuna ofisi. Nikaanza kumweleza kuhusu mipira. Aliniangalia kwa huruma. Ningefukuzwa ningeona afadhali.

Mtasema, pendekeza kituo kijijini kwako. Walipofungua huo utaratibu mwaka 2019 walitaka uwe levo 40, wakashusha polepole hadi 37. Mimi niko 31. Nipande levo kwa kukamata. Nikamate kwa mipira. Mipira iko kwenye kituo. Kituo nikiombe nikifika 37. Mmeona mduara huo?

Haya, nunua. Mipira 20 ni sarafu 100. Sarafu za bure zinapatikana kwa kumweka mnyama wako kwenye gym (kituo cha mapigano, mnyama wako anakilinda na wengine wanakuja kumpiga), kila dakika 10 sarafu moja, mwisho 50 kwa siku. Inaonekana rahisi, siyo? Masaa manane na kitu tu unazo zote 50. Kuna kitu kimoja ambacho watu wa miji mikubwa hawakijui: sarafu hupewi mpaka mnyama wako apigwe na kutolewa. Kwao anapigwa baada ya saa chache, anarudi na mshahara. Hapa Dodoma nilimwacha wangu siku 11. KUMI NA MOJA. Hakuna wa kumgusa. Aliporudi akaleta sarafu 50 zile zile, kana kwamba alilala siku moja. Yaani kwetu ushindi ndio hasara.

Ndipo nikafanya ujinga, na huu nauweka wazi ili mwingine asiingie. Kuna kundi la simu watu wanauziana namba za siri za kadi za zawadi za kununulia sarafu. Jamaa mmoja, maneno matamu, "kaka mimi niko hapa hapa Area D, siwezi kukimbia." Nikamtumia 20,000. Akanitumia namba. Nimeiingiza, imeshatumika. Nampigia, inaita. Nampigia mara ya pili, haipatikani. Mpaka sasa. Wekundu wawili wa Msimbazi, wakuu, kwa mipira ambayo hata haidundi. Mke wangu anajua nilinunua dawa ya kuku.

Tukiwa hapo hapo kwenye mambo ya nyumbani. Mama mkwe yuko kwetu wiki hii. Juzi jioni nikasema kwa sauti, "ngoja niwashe ubani nizunguke kidogo." Akaniuliza taratibu, "Baba, nyumba ina nini?" Nikasema hapana mama, ni ubani wa kwenye simu. Usiku nikasikia wananong'ona.

Na huo ubani wa kawaida, ule wa kununua, nao una visa. Wakati wa korona ulikuwa unaleta viumbe hata umekaa sebuleni. Mwaka 2022 wakarudisha mambo ya zamani, ukikaa kiumbe mmoja kila dakika 5 hivi, ukitembea ndiyo wanakuja kila dakika. Sawa, lengo ni tutembee. Nikitembea, mipira ya kuwakamatia hao wote natoa wapi? Tumerudi pale pale.

NYONGEZA, saa 2 usiku: mkuu uliyesema nitegemee zawadi za marafiki, asante, ni kweli zinasaidia. Nina marafiki wa Japani na Brazili wananitumia, ukifungua unakuta mipira. Ila zawadi ya kurudisha inatoka kituoni, na mimi kituo nakiona Jumamosi. Wawili wameshaniondoa kwenye orodha yao, nahisi wameniona mchoyo. Nitawaelezaje kwamba nauli imepanda?

NYONGEZA ya pili: uliyeniambia nitupe dawa zote begi lipate nafasi, begi halijajaa. Ungesoma uzi kwanza.

NYONGEZA ya tatu, na hii ni ombi siyo hasira. Kuna mtu wa Dodoma anayecheza na kesho anapita katikati ya mji? Mnyama wangu yuko kwenye gym tangu Jumanne, Blissey wa rangi ya waridi, mnene, mmoja peke yake mle ndani. Nakuomba umpige.