Jioni tatu Bangkok: tuuone mto na tule halali

Mzigo_Kariakoo:
Habarini wakuu. Wiki ijayo naenda Bangkok kwa mara ya kwanza kuchukua nguo, tutafikia Pratunam, mtaa wa nguo za jumla. Mchana wote nitakuwa madukani, ila jioni tatu ni zetu. Nakwenda na mke wangu, ndiyo safari yake ya kwanza nje ya nchi, na tangu aone picha za mto Chao Phraya usiku hana habari nyingine. Sisi ni Waislamu, hatunywi wala hatutafuti disko. Kuna meli za chakula cha usiku mtoni, zinafaa? Au twende wapi?

UmmuSalha_Kibokoni:
Salaam aleikum ndugu yangu. Nachukua mzigo Pratunam tangu 2012, na mji ule naupenda usiku kuliko mchana. Meli nilipanda mara moja. Muziki ulikuwa wa kupasua masikio, na mezani koleo ile ile iligusa nguruwe ikaja kwenye kuku. Nikala matunda, nikashuka. Pesa hiyo mnunulie mkeo kitambaa.

Jioni ya kwanza pandeni treni ya juu, BTS, mshuke Saphan Taksin. Mkishuka ngazi mko gatini Sathorn. Hapo ingieni boti ya bendera ya rangi ya chungwa, ile ya watu wanaotoka kazini, mwende hadi Tha Tien. Nauli ni baht kumi na kitu tu. Ingieni saa kumi alasiri, kwa sababu Wat Arun, hekalu la ng'ambo, hufungwa saa kumi na mbili, na nataka muufikie mnara wake kabla. Mtavuka kwa kivuko kidogo. Mimi nilipousogelea mara ya kwanza nilinyamaza kimya: mnara mzima umepachikwa vipande vya sahani na bakuli za Kichina, vingine vimekatwa vikawa petali za maua. Nikakumbuka makaburi ya Kunduchi, wazee wetu walivyopachika bakuli za Kichina kwenye nguzo. Bahari ni moja, wallahi. Kisha rudini Tha Tien mkae ukingoni, giza liingie, mnara uwashwe taa. Boti ikipita, ule mwanga majini unakatika vipande vipande, halafu unajikusanya tena.

Sasa chakula. Tafuteni khanom krok. Ni vitumbua! Unga wa mchele na tui, kikaango cha vishimo kama cha bibi yangu. Lakini wao hawavigeuzi. Mama anamimina unga, ukianza kushika kando anaongeza tui zito juu, anatupia majani ya kitunguu au punje za mahindi, anafunika. Vikiiva anavikwangua kwa kijiko, anabandika viwili viwili. Chini vinakatika kwa meno, katikati ni laini kama uji. Msivitie mdomoni vizima, tui linaunguza.

Kwa mlo wa kushiba, kutoka Pratunam nendeni kwa miguu hadi Phetchaburi Soi 7, kwenye msikiti wa Darul Aman, pembeni yake kuna chakula cha halali. Mtaa wa jirani, Ban Khrua, ni wa Waislamu wenye asili ya Kicham, watu wa Kambodia na Vietnam, wafumaji hariri tangu zamani. Kwingineko shikeni maneno haya: *mu* ni nguruwe, *kai* kuku, *pla* samaki, *kung* kamba.

Mawe_Arusha:
Dada kamaliza, niongeze moja. Mimi huenda kwa ajili ya vito. Jioni ya pili mpeleke shemeji Pak Khlong Talat, soko la maua karibu na mto, liko wazi usiku kucha. Wanatunga asumini kwa sindano ndefu, harufu unaipata kabla hujafika.

Na tahadhari: dereva wa tuktuk akikutajia bei ndogo mno, anakupeleka kwanza duka la vito. Mimi nilipelekwa nikaonyeshwa kioo, nikaambiwa ni yakuti. Nilikijua kwa sababu ndiyo kazi yangu, wewe usingekijua.

Mzigo_Kariakoo:
Dada, Mungu akulipe. Nimemsomea mke wangu habari ya vitumbua, kanyamaza, kisha kauliza kama na kikaango chenyewe kinauzwa. Jioni ya tatu ni Jumatatu. Yaowarat, mtaa wa Wachina, panafaa?

UmmuSalha_Kibokoni:
Jumatatu wachuuzi wengi wa barabarani hawafungui pale. Badilisheni, Yaowarat iwe Jumapili: treni ya chini ya ardhi, kituo cha Wat Mangkon. Nguruwe ni wengi mtaa ule, basi kuleni matunda na juisi ya komamanga. Kikaango kinauzwa, cha chuma, kizito, kiwekeni kwenye mzigo wa meli. Na mkeo avae viatu vya chini. Boti ikigusa gati haisubiri mtu, unaruka.