Mrejesho: Akaunti ya benki Malindi kwa Mtanzania

Assalamu alaikum. Niliwauliza namna Mtanzania aliyehamia kwa wakwe zake Malindi anavyoweza kufungua akaunti katika benki ya Kenya, nami ninawashukuru nyote mlionijibu, hususan ndugu aliyesisitiza kwamba nisikimbilie benki kabla karatasi hazijakamilika.

Nilifuata mpangilio wake: kwanza pasi ya mtegemezi (kibali cha kuishi Kenya kwa anayemtegemea jamaa yake), kisha kitambulisho cha mgeni, ambacho ndicho kilichochelewa kuliko vyote, na baada ya hapo PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, niliyoiomba mtandaoni nikiwa nyumbani. Benki ya kwanza ilinikataa kwa sababu nyumba ni ya baba mkwe na bili ya umeme haina jina langu; ya pili, iliyo mtaa uleule, ilikubali barua ya chifu pamoja na nakala ya kitambulisho cha mzee, ikanifungulia akaunti ya shilingi. Kwa hiyo anayekataliwa kwa sababu ya uthibitisho wa makazi asichoke mapema, ajaribu kwingine.

Lililoshindikana ni huduma ya benki kwa simu, kwa kuwa laini niliyokuwa nikitumia imesajiliwa kwa jina la mke wangu, na ushauri niliopewa hapa wa kuitumia hiyohiyo haukufaa kitu. Nimeshasajili laini yangu kwa pasipoti, lakini benki bado haijaiunganisha na akaunti, hivyo kwa sasa ninapanga foleni dirishani kila ninapohitaji fedha. Akaunti ya dola sijaiomba.