Fargo: mji mdogo, stesheni mbili za nini?

Mgeni_wa_Theluji:
Shikamooni wakubwa. Niko Fargo, Dakota Kaskazini, mwaka wa pili sasa. Juzi nilikwenda kumpokea binamu aliyetoka Chicago kwa treni. Usiku wa manane, mimi na dereva teksi mmoja tunakanyaga barafu. Kesho yake napita Main Avenue, naona stesheni nyingine ya matofali, imenona kuliko ile, haina abiria hata wa dawa! Imekuwaje?

BabuReli:
Marahaba kijana. Hizo zilikuwa za kampuni mbili zisizopikika chungu kimoja. Ya Main Avenue ni ya Northern Pacific, 1898, mchoro wa Cass Gilbert, huyo huyo wa jengo la Woolworth kule New York. Uliposhukia binamu ni kwa Great Northern, kampuni ya James J. Hill, stesheni yao ni ya 1906.

Northern Pacific ndiyo iliyouzaa mji. Hati yake aliitia saini Lincoln 1864. Serikali haikutoa pesa, ilitoa ardhi: huko magharibi, kila maili ya reli ilipata hadi vipande 40, kila kimoja maili moja ya mraba. Hesabu mwenyewe! Basi 1871 walowezi wakawa wanawavizia wapimaji wajue reli itavuka wapi Mto Red, wawahi viwanja. Kampuni ikawaficha. Wapimaji wakapiga mahema mbugani, na mahema hayo ndiyo Fargo ya mwanzo. Treni ikavuka Juni 1872. Wadakota wa Sisseton na Wahpeton, wenye ardhi, walitiliana saini na serikali kuiachia Septemba mwaka huo. Yaani treni imeshapita, ndipo mwenye shamba anaulizwa.

Mama_Moorhead:
Babu kamaliza. Niongeze tu: 1970 mahasimu hao waliunganishwa wakawa Burlington Northern, stesheni moja ikakosa kazi. Hiyo nzuri kwa miaka mingi ilikuwa ofisi za bustani za mji.

Mgeni_wa_Theluji:
Asanteni sana. Na usiku wa manane je?

BabuReli:
Inatoka Chicago alasiri, St. Paul inaingia usiku, sasa Fargo itafika lini? Treni yenyewe inaitwa Empire Builder, jina la utani la Hill. Siku nyingine nenda na chai kwenye chupa.

Mgeni_wa_Theluji:
Chai nilikuwa nayo, Babu. Dereva teksi kainywa yote.