Gumzo la majirani wa Mwanga, Kigoma: Sefu amekatwa au amejikata?

Mjumbe: Majirani salaam. Taarifa ya haraka. Sefu, kijana wa Mama Sefu, amekatwa panga mguuni. Yuko zahanati. Mwenye usafiri asogee.

Mama Neema: Yarabi! Na nani tena??

Shangazi Tatu: Mtoto mpole vile jamani. Fungeni milango

Baba Juma: Huyo mtu kakamatwa? Mimi niko Kibirizi kwenye dagaa, nakuja na vijana sasa hivi

Mama Sefu: Jamani hakuna aliyemkata mwanangu. Alikuwa anachanja kuni, panga likateleza likampata kwenye muundi. Kajikata mwenyewe. Baba Juma, rudi kwa dagaa wako.

Mjumbe: Sasa mimi nimekosea wapi? Panga si limemkata? Basi amekatwa.

Mwalimu Mstaafu: Mjumbe, ungeandika "amekatwa na panga" tungekuelewa, panga ndilo lililotenda. "Amekatwa panga" ni sawa na "amepigwa rungu" au "amechomwa kisu". Hapo kuna mkono wa mtu nyuma ya chombo. Hiyo "na" uliyoiruka ndiyo imemtoa Baba Juma ziwani.

Mama Neema: Afadhali hakuandika "amecharangwa mapanga", ningezimia 😂

Mwalimu Mstaafu: Kucharanga ni kukata ovyo na kurudiarudia. Magazeti yanalipenda neno hilo, na wakati mwingine mtu kapata mkato mmoja tu.

Mama Sefu: Mnacheka, lakini limetusumbua. Wa bodaboda aliyemfikisha kasoma ujumbe wa Mjumbe, akasema mapokezi "amekatwa panga". Nafika pale naulizwa PF3! Ikabidi nianze kueleza habari za kuni na shoka lililovunjika mpini.

Karani: Wana haki kuuliza, mama. PF3 ni fomu ya polisi, na mtu aliyekatwa na mwenzake hiyo ndiyo inafungua njia ya kesi. Sheria yenyewe iko makini na haya maneno. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 5, inaeleza jeraha kuwa ni mkato au tundu linalopasua au kutoboa utando wa nje wa mwili. Mtu akikupiga ukavimba tu, ngozi haikufunguka, amekudhuru ila hajakujeruhi.

Baba Juma: Kwa hiyo ngumi si kujeruhi?

Karani: Ikikupasua mdomo ni kujeruhi. Hata kwa ndani ya mdomo, kwa sababu utando unaoweza kuguswa bila kukata mwingine unahesabika wa nje.

Baba Juma: Duh. Sheria imeingia mpaka mdomoni

Shangazi Tatu: Na kidonda je? Mimi natumia yote sawa

Dada Nesi: Shangazi, jeraha linaletwa na tukio: kisu, ajali, kuanguka. Kidonda kinaweza kuota chenyewe. Ndiyo maana tunasema vidonda vya tumbo, sijawahi kusikia mgonjwa anasema ana majeraha ya tumbo. Ila jeraha lisipotunzwa linageuka kidonda, na likikataa kupona ndiyo mnaita donda ndugu.

Juma: Na mimi juzi nilivyoanguka na pikipiki, nilijeruhiwa?

Mama Neema: Wewe ulichubuka tu, kelele ndizo zilikuwa kubwa

Bibi Mwajuma: Wajukuu, sisi tukisikia kuchanja tulijua chale, wembe na dawa ya kusugua. Siku hizi kuchanja ni sindano.

Mwalimu Mstaafu: Na kuni pia, bibi. Maana ni ileile, kufungua kitu kwa ncha kali. Neno "chanjo" limetoka humo humo.

Dada Nesi: Basi Sefu kapata yote mawili. Alikuwa anachanja kuni, kaishia kuchanjwa ya pepopunda 😄 Mama Sefu, sikiliza. Nyuzi zisilowe. Pakianza kuvimba, kupata moto au kutoa usaha, mrudishe usingoje. Msimpake majivu wala mafuta ya taa, najua mtaa huu. Na asizunguke ovyo, asije akajitonesha.

Mama Sefu: Sawa dadangu, Mungu akubariki. Ila kuni bado ziko uani na migebuka haijapikwa.

Baba Juma: Mama Sefu usijali, nakuja na shoka

Mjumbe: Baba Juma, malizia sentensi. Unakuja na shoka kufanya nini?