Nianzie wapi na muvi za David Cronenberg?

mtazama_usiku: Wakuu habari zenu. Nimeangalia The Fly ya 1986 mpaka leo haijanitoka kichwani, na sio uoga, ni huruma. Yule Jeff Goldblum mwanzo anajiona kapata nguvu za ajabu, mara kucha zinang'oka, meno yanadondoka, sikio nalo, na vyote anavitunza kwenye kabati la bafuni! Sasa nataka nimfuatilie huyu dairekta wa Kanada vizuri ila muvi zake ni nyingi, naanza na ipi?

kanda_ya_zamani: Karibu sana mkuu. Mi nakushauri Videodrome ya 1983, jamaa ana kituo cha TV Toronto anatafuta vipindi vya kushtua watu, kumbe anachokiangalia kinambadilisha yeye, tumbo linafunguka tundu na anasukumiwa kanda ya video humo humo. Halafu Dead Ringers ya 1988, hapo Jeremy Irons anacheza mapacha wote wawili, madaktari wa wanawake, damu sio nyingi lakini zile nguo nyekundu za upasuaji na vile vyombo alivyochongesha yule daktari, aisee, nilishindwa kukaa.

Zuhura88: Mi sikubaliani, aanze na The Brood ya 1979. Cronenberg aliiandika akiwa ametoka kwenye talaka na ugomvi wa nani akae na mtoto, na uchungu wake unauona mule, mama hasira zake zinageuka vitoto vinavyotoka mwilini mwake na kwenda kuua watu. Ukijua hilo ndo unaelewa kwa nini The Fly imekuuma, huyu mtu hatengenezi vidonda ili utapike, anaonyesha mwili unavyomsaliti mwenyewe huku wanaompenda wanaangalia tu. Hata The Shrouds ya 2024 ni hivyo hivyo, ilitokana na kufiwa na mkewe 2017.

kanda_ya_zamani: Hapo kwenye The Brood umenishinda dada. Na ndo muvi ya kwanza Howard Shore kumpigia muziki, wako wote mpaka leo.

fundi_picha: Scanners ya 1981 msiisahau, kile kichwa kinachopasuka hakuna kompyuta pale, ni kichwa bandia walikipiga na bunduki ya marisau kwa nyuma. Crash ya 1996 aiache kwanza, ni nzito.

mtazama_usiku: Asanteni sana, naanza na The Brood usiku huu halafu Videodrome.